Je, Wajua? Tovuti Yako Inalala kwa Nani

Je, wajua kwamba seva ya kwanza ya wavuti duniani ilikuwa kompyuta ya ofisini? Tim Berners-Lee alikuwa akifanya kazi CERN, maabara ya fizikia iliyoko mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, na mwishoni mwa mwaka 1990 tovuti ya kwanza ilianza kufanya kazi ndani ya kompyuta yake nyeusi aina ya NeXT. Aliibandikia karatasi yenye maandishi ya wino mwekundu: mashine hii ni seva, isizimwe. Mtu angechomoa waya wake wa umeme, wavuti yote ya wakati huo ingezimika. Leo seva ni nyingi mno, lakini jambo lenyewe halijabadilika. Tovuti yako ni mafaili yaliyomo kwenye kompyuta ya mtu fulani, mahali fulani, na kompyuta hiyo haitakiwi kuzimwa. Ukilipia hosti unalipia kompyuta hiyo, umeme wake, ubaridi wake na watu wa kuiangalia usiku wewe ukiwa umelala.

Je, wajua kwamba domeni na hosti ni vitu viwili tofauti? Domeni ni jina, lile linaloishia na .co.tz, .co.ke au .com. Hosti ni mahali mafaili yanapokaa. Katikati kuna DNS, mfumo aliobuni Paul Mockapetris mwaka 1983, na kazi yake kuu ni kujibu swali moja: jina hili liko kwenye seva yenye namba gani? Unaweza kununua jina kwa kampuni moja na hosti kwa nyingine, na mara nyingi hivyo ndivyo inavyofaa, kwa sababu siku mkikosana na mwenye hosti jina linabaki mkononi mwako.

Je, wajua domeni ya biashara yako imeandikwa kwa jina la nani?

Hapa naomba tutulie kidogo, maana ndipo watu wanapoumia. Mambo huenda hivi. Mwenye gesti huko Jambiani anataka tovuti. Anaelekezwa kwa kijana mwenye laptop, anamtumia hela kwa simu, na baada ya wiki mbili tovuti iko hewani na kila mtu amefurahi. Kijana alipokuwa akisajili jina, fomu ilimuuliza mmiliki ni nani na baruapepe yake ni ipi. Akajaza ya kwake, kwa kuwa ndiyo aliyokuwa nayo. Hakuwa na nia mbaya. Miaka mitatu baadaye kijana amepata kazi nje ya nchi, namba yake haipatikani, na jina ambalo limechapishwa kwenye vipeperushi na kuchorwa ubavuni mwa gari la wageni si mali ya gesti kwenye kumbukumbu za msajili. Notisi ya kulipia inakwenda kwenye baruapepe ya mtu ambaye haisomi tena.

Tafuta jina lako leo kwenye huduma ya WHOIS, yaani ya kuangalia jina limesajiliwa na nani. Kwa majina ya .tz kumbukumbu ziko kwenye rejista ya taifa ya .tz, na kwa .ke ziko KeNIC. Siku hizi majina mengi ya .com hufichwa taarifa za mmiliki, kwa hiyo kutokuona jina lako hakumaanishi umeibiwa. Jibu la uhakika ni akaunti: je, unayo nywila ya kuingia kwa muuzaji aliyekusajilia? Je, baruapepe iliyoandikwa humo ni yako? Kama jibu ni hapana, mpigie fundi wako kwa heshima, mwambie unataka akaunti ihamishiwe kwako, naye abaki kuwa fundi. Fundi mwema hatakataa. Na baruapepe unayoiweka pale isiwe ya domeni hiyo hiyo, maana siku jina likizimika na baruapepe inazimika nayo, na njia ya kujiokoa inakuwa imefungwa kutoka ndani.

Je, wajua kwamba domeni hainunuliwi, inakodishwa? Unailipia kwa mwaka, na kwa .com unaweza kulipia hadi miaka 10 kwa mkupuo. Hakuna anayemiliki jina milele, hata wakubwa. Mkesha wa Krismasi wa mwaka 1999 Microsoft walipitisha muda wa kulipia passport.com, jina ambalo watumiaji wa Hotmail walilitegemea kuingia kwenye baruapepe zao. Programa mmoja wa Marekani ndiye aliyegundua tatizo, akalipa dola 35 za mfukoni mwake ili huduma irudi. Na Septemba 2015 Sanmay Ved, aliyewahi kuajiriwa Google, alilikuta google.com linauzwa kwa dola 12 kwenye huduma ya Google wenyewe, akalinunua, akawa nalo kwa muda wa dakika moja hivi kabla halijarudishwa.

Wewe si Google, hutarudishiwa kwa dakika moja. Domeni ya .com ikishafutwa na muuzaji inaingia kipindi cha kukombolewa cha siku 30, na gharama ya kuikomboa huwa kubwa kuliko ya kuilipia kwa wakati. Zikipita hizo zinafuata siku 5 za kungoja, kisha anayewahi ndiye anayeichukua. Kuna watu wanaoishi kwa kuyanyemelea majina ya namna hiyo. Kinachowaponza wengi Afrika Mashariki ni kadi: malipo ya kujirudia yaliwekwa kwenye kadi ya mtandaoni ya simu, kadi ikaisha muda au ikakosa salio, na ujumbe wa onyo ukaangukia kwenye kisanduku cha taka. Lipia miaka miwili au mitatu mara moja, halafu andika tarehe ya mwisho kwenye kalenda ya ukutani ofisini.

Je, wajua kwamba hata mwisho wa jina unaweza kufa? Zaire ilikuwa na .zr. Nchi ilipokuwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 1997, ikapewa .cd, na .zr ikaondolewa kabisa mwaka 2001.

Je, wajua kwamba kwenye hosti ya bei nafuu seva moja inaweza kubeba mamia ya tovuti? Ndiyo maana ni nafuu. Ni nyumba ya kupanga yenye mita moja ya LUKU: mpangaji wa chumba cha nyuma akiwasha jiko la umeme, uniti zinakwisha kwa wote. Kampuni nzuri humwekea kila mteja ukomo wake wa nguvu za kompyuta na kumbukumbu ili jirani asikumalize. Ukiona tovuti yako inaonyesha kosa namba 508, mara nyingi maana yake umegonga ukomo huo, na kabla ya kupandishwa daraja la malipo uliza kwanza ni nini kinachokula. Mara nyingi ni programu-jalizi moja mbovu, au roboti zinazoigonga fomu ya kuingilia usiku kucha.

Nimeulizwa mara nyingi: je, nichukue VPS? Kwa duka, shule, kanisa, msikiti, gesti, blogu au ofisi ya wakili, jibu langu ni hapana. VPS ni sehemu ya seva uliyotengewa wewe peke yako, na mara nyingi huja ikiwa tupu, Linux na nywila tu. Kuziba matundu ya usalama ni kazi yako, baruapepe ni kazi yako, na ikidukuliwa saa nane usiku ni wewe. Ichukue kama unaye mtu wa kuihudumia kila wiki, au lipia ile inayohudumiwa na kampuni yenyewe.

Je, wajua kwamba hosti "isiyo na kikomo" ina kikomo? Kwa kawaida kimeandikwa ndani ya masharti. Ukomo mmoja ambao wateja hawausikii hadi uwagonge ni wa idadi ya mafaili, ambao mafundi huuita inodi. Nafasi ya diski inaweza kuwa bado tele, lakini idadi ikijaa huwezi kupakia hata picha moja. WordPress, programu ya kuendeshea tovuti, hata ikiwa mpya kabisa huja na maelfu ya mafaili, na kwenye seva nyingi kila baruapepe iliyohifadhiwa huhesabiwa faili moja. Ofisi yenye wafanyakazi sita ambao hawajafuta barua tangu wafungue inaweza kujaza akaunti bila kuongeza ukurasa wowote kwenye tovuti.

Je, wajua kwamba asilimia 99.9 bado inaacha saa 8 na dakika 45 za kuzimika kwa mwaka? Asilimia 99 inaacha zaidi ya siku tatu na nusu. Asilimia 99.99 inaacha dakika 52. Piga hesabu kabla hujavutiwa na tarakimu. Kisha soma fidia: mara nyingi kampuni hurudisha sehemu ya ada ya mwezi huo, basi. Hasara ya mauzo yaliyopotea Jumamosi ya mwisho wa mwezi hailipwi na mtu.

Je, wajua kwamba tovuti nyingi zinazolalamikiwa kuwa na hosti mbovu zina picha nzito tu? Tuichukue ile gesti. Mpiga picha ameleta picha 12 za vyumba na ufukwe, kila moja ikiwa na megabaiti 4 kama ilivyotoka kwenye simu, na zote zikawekwa ukurasa wa mbele. Ukurasa mmoja ni megabaiti 48. Mtu wa Morogoro aliyejiunga kifurushi cha gigabaiti 1 anapoteza karibu asilimia 5 ya kifurushi chake kwa kuufungua mara moja, na hata chumba hajachagua. Upande wa hosti, akaunti yenye gigabaiti 10 za data kwa mwezi inaishiwa baada ya kufunguliwa mara 213 hivi. Sasa zipunguze picha hizo upana ulingane na kioo, uzihifadhi kwa muundo wa WebP ambao Google waliutoa mwaka 2010, kila moja iwe kilobaiti 150. Ukurasa unashuka hadi chini ya megabaiti 2, na gigabaiti zile zile 10 zinabeba wageni zaidi ya 5,000. Hosti ni ile ile, na hujaongeza senti. Kwa watu wetu wanaonunua data kwa vifurushi vya siku, picha nyepesi ni adabu kwa mgeni, na ningependa kila fundi aione hivyo.

Je, wajua kwamba umbali una bei hata kwa mwanga? Ndani ya mkonga, mwanga husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka Dar es Salaam hadi London ni kama kilomita 7,500 kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo kwenda na kurudi hakuwezi kuwa chini ya milisekunde 75, na mikonga hainyooki: hupita Bahari ya Shamu au huzunguka Afrika Kusini. Kabla ukurasa haujaanza hata kushuka, kivinjari na seva husalimiana, hukubaliana siri, ndipo kivinjari huomba. Safari hizo zinajumlishana. Ukurasa wenye vipande vingi vinavyosubiriana unaweza kumchosha mtu wa Mbeya hata kama seva ya Ulaya ni ya kisasa.

Kwa hiyo seva iwe wapi? Waangalie wasomaji wako. Kama wateja wako wako Kariakoo, Eldoret au Kigali, hosti iliyoko kwenye kituo cha data cha Dar es Salaam, Nairobi au Mombasa ina maana. Kama wageni wako wanatoka Italia na Ujerumani, seva ya Frankfurt itawahudumia vizuri zaidi. Na kama ni wa kotekote, weka mbele ya hosti yako mtandao wa kusambaza maudhui. Cloudflare, kwa mfano, wana vituo Mombasa na Nairobi na wanatoa daraja la bure. Picha na mafaili yako yanatunzwa karibu na msomaji, na seva yenyewe inapumzika.

Tarehe 12 Mei 2024 mikonga ya EASSy na SEACOM ilikatika baharini upande wa Afrika Kusini, na intaneti ikalegea Tanzania, Kenya, Uganda na kwingineko. Mtu wa Dar aliyetaka kusoma tovuti ya ofisi iliyo mtaa wa pili alikwama kama tovuti hiyo ilihifadhiwa Marekani. Ile iliyohifadhiwa nchini ilikuwa na njia ya kumfikia bila kugusa bahari, kwa kuwa Tanzania ina kituo chake cha kubadilishana data cha TIX, kama Kenya ilivyo na KIXP. Kituo hicho cha Nairobi kilipiganiwa. Kilianza mwishoni mwa mwaka 2000, kikafungwa kwa amri ya mdhibiti baada ya Telkom Kenya kulalamika, kikafunguliwa tena Februari 2002. Kabla yake, baruapepe kati ya ofisi mbili za Nairobi zenye watoa huduma tofauti ilipanda satelaiti, ikatoka nje ya bara, ndipo ikarudi. Kwa mujibu wa Internet Society, sehemu ya data ambayo Wakenya wanaipata ndani ya nchi yao ilipanda kutoka asilimia 30 mwaka 2012 hadi asilimia 70 mwaka 2020. Hayo ni matunda ya watu waliokataa kukata tamaa, na kila tovuti inayohifadhiwa nyumbani inayaongeza. Ila kumbuka kuuliza na seva za DNS ziko wapi: tovuti ikiwa Dar na DNS ikiwa Marekani, mkonga ukikatika jina linaweza kukosa wa kulitafsiri.

Je, wajua kwamba cheti cha SSL unaweza kukipata bure? Let's Encrypt walifungua milango kwa umma Desemba 2015, na vyeti vyao vya siku 90 hujihuisha vyenyewe kwenye hosti iliyopangwa vizuri. Tangu Julai 2018 Chrome huiandikia tovuti isiyo na cheti kwamba si salama. Muuzaji akikutoza kila mwaka kwa cheti cha kawaida cha blogu au duka dogo, muulize kinazidi nini kile cha bure. Usimbaji ni ule ule. Na uwafundishe na wateja wako: cheti kinathibitisha kwamba mazungumzo yamefichwa njiani, hakithibitishi kwamba aliye upande wa pili ni mwaminifu. Matapeli nao wana vyeti.

Je, wajua kwamba usiku mmoja wa Machi 2021 mamilioni ya tovuti zilizimika kwa sababu ya moto wa kweli, wa moshi na maji ya zimamoto?

Ilikuwa tarehe 10, muda mfupi baada ya saa sita usiku, mjini Strasbourg, Ufaransa. Jengo la SBG2 la kampuni ya OVHcloud liliungua lote, na jengo la jirani likaharibika sehemu. Hakuna aliyeumia. Kampuni ya Netcraft ilikadiria kwamba tovuti milioni 3.6 zilitoweka hewani. Nyingi zilirudi baada ya siku kadhaa, nyingine hazikurudi. Mchezo wa kompyuta uitwao Rust ulipoteza data ya seva zake 25 moja kwa moja. Na wapo wateja waliokuwa wamelipia nakala rudufu, wakaamini wako salama, kumbe nakala zilikuwa mahali pale pale na seva. Mteja mmoja alishtaki na mahakama ya biashara ya Ufaransa ikaamuru alipwe. Amri hiyo haikuifufua data.

Kwa hiyo mtu akikwambia "bakapu zipo, usijali," muulize ziko jengo gani. Halafu chukua ya kwako. Kwa WordPress, tovuti ina nusu mbili, na wengi hunakili nusu moja tu. Nusu ya kwanza ni mafaili: ndani ya folda ya wp-content ndimo zilimo picha zako, mandhari na programu-jalizi. Nusu ya pili ni hifadhidata, na humo ndimo yalimo maneno yako yote, kurasa, maoni ya wasomaji, oda za wateja. Ingia cPanel, paneli ya kusimamia hosti yako, fungua phpMyAdmin, chombo cha hifadhidata, chagua hifadhidata yako, uitoe kama faili moja la .sql. Kwa tovuti ndogo faili hilo mara nyingi ni jepesi kuliko wimbo mmoja. Liweke kwenye flashi na nakala nyingine kwenye hifadhi ya mtandaoni isiyo ya kampuni hiyo hiyo. Fanya hivyo kila mwezi, na kama unauza kupitia tovuti, kila siku, kwa programu inayojiendesha yenyewe. Mara moja kwa mwaka jaribu kuirudisha kwenye kompyuta yako, kwa sababu nakala ambayo haijawahi kufunguliwa hujui kama inafunguka.

Je, wajua kwamba zaidi ya asilimia 40 ya tovuti zote duniani zinaendeshwa na WordPress, programu iliyotoka Mei 2003? Umaarufu huo ndio unaowavuta wadukuzi. Mara nyingi hawakuchagui wewe. Roboti zao zinagonga kila mlango zikitafuta programu-jalizi iliyopitwa na wakati. Sasisha kila wiki, ondoa usizozitumia, weka nywila ndefu na uthibitisho wa hatua mbili. Na ile mandhari ya kulipia ambayo rafiki amekupa bure kwenye zipu, usiiguse. Nyingi zimepandikizwa mlango wa nyuma, na tovuti yako itaanza kutangaza kamari kwa lugha usiyoijua.

Je, wajua kwa nini barua za ofisi yako huangukia kwenye taka? Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wamekaza masharti kwa wanaotuma barua, hasa zinazotumwa kwa wingi. Kwa wanaotuma kwa wingi wanataka rekodi tatu kwenye DNS: SPF, inayotaja seva zenye ruhusa ya kutuma kwa jina lako, DKIM, inayotia sahihi kila barua, na DMARC, inayosema barua isiyotimiza ifanyweje. Mwombe mwenye hosti aziweke. Si kazi ya siku nzima. Tatizo jingine ni majirani: kwenye hosti ya pamoja mnatumia anwani moja ya kutuma barua, na mmoja wenu akituma taka anwani nzima inaweza kuingia kwenye orodha ya kufungiwa. Kama biashara yako inaishi kwa baruapepe, itenge na hosti ya tovuti, uilipie huduma yake peke yake.

Je, wajua kwamba baadhi ya blogu zilizosomwa sana Tanzania zilianza bila kulipia hosti hata kidogo? Muhidin Issa Michuzi alianza blogu yake mwaka 2005 kwenye Blogger, huduma ambayo Google waliinunua mwaka 2003. Hosti ya bure si aibu. Inafaa kuanzia, na Blogger wanakuruhusu kuunganisha domeni yako mwenyewe, hatua ambayo ningekusihi uichukue mapema ili wasomaji wajifunze jina lako badala ya la mwenye nyumba. Mwenye nyumba anaweza kuamua kufunga. GeoCities, iliyobeba mamilioni ya kurasa za watu binafsi, ilifungwa na Yahoo mwezi Oktoba 2009, na wengi hawakuwa na nakala ya walichoandika kwa miaka.

Je, wajua kwamba fomu ya kuchukua majina na namba za simu inakuingiza kwenye sheria? Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, yenye Tume yake. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Zote zinagusa pia kupeleka taarifa za watu nje ya nchi, na hosti ya nje ndiyo hiyo. Usikusanye usichokihitaji.

Je, wajua kwamba bei iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwenye tangazo kwa kawaida ni ya mara ya kwanza tu? Bei ya kuhuisha ndiyo utakayoishi nayo, na inaweza kuwa maradufu au zaidi. Itafute kabla hujalipa. Na kabla hujalipa, watumie maswali Jumamosi usiku, maswali ya kweli yenye majibu: seva iko mji gani, nakala zinachukuliwa mara ngapi na zinakaa wapi, ukomo wa inodi ni kiasi gani, naweza kuchukua nakala mwenyewe? Anayejibu kwa namba anaijua kazi yake. Anayejibu kwa maneno matamu, endelea kutafuta.

Je, wajua kwamba kuhama hosti ni kazi ya jioni moja, ukifuata utaratibu? Siku mbili kabla, ingia kwenye DNS ushushe muda wa kutunza rekodi, ule unaoitwa TTL, uwe sekunde 300, ili dunia isiendelee kukumbuka seva ya zamani kwa muda mrefu. Nakili nusu zote mbili za tovuti kwenye hosti mpya, uzijaribu kwa anwani ya muda. Fungua upya akaunti zote za baruapepe kule mpya na uhamishe barua, maana hapa ndipo wengi wanapopoteza barua za miaka. Kisha badilisha rekodi za DNS. Domeni yenyewe huna haja ya kuihamisha. Iache kwa msajili wake. Ukitaka kuihamisha nayo, kwa .com utaombwa nambari ya siri ya uhamisho, na kama ilisajiliwa au ilihamishwa ndani ya siku 60 zilizopita huenda ukalazimika kungoja. Hosti ya zamani usiifunge siku hiyo. Iache wiki mbili, uingie kila baada ya siku chache kuangalia kama kuna barua zilizopotea njia zikaangukia huko, uzichukue, ndipo uifute.